Habari za Tharangambadi, Mji wa Pwani ya Bara Hindi ya Kusini

Tunapotaja Bara Hindi mbele ya watu wa pwani yetu, kila mtu hufikiri mara moja miji mikubwa ya bandari: Bombay, ambayo siku hizi huitwa Mumbai, na Surat, na bandari za Kachchh walikotoka wafanya biashara wengi waliokaa Unguja na Mombasa. Hayo ni haki yake. Walakini leo twapenda kuwachukua wasikilizaji wetu upande mwingine kabisa wa nchi ile, upande wa mashariki, penye mji mdogo ambao msafiri aweza kuupita kwa motokaa bila kugeuza shingo. Jina lake ni Tharangambadi, katika jimbo la Tamil Nadu, na husemwa kuwa maana yake ni mahali pa mawimbi yaimbayo. Wazungu walishindwa kulitamka jina hili, wakauita mji Tranquebar.

Tulifika kwa njia itokayo Chidambaram, kuelekea kusini. Nchi ile ni tambarare tupu, hapana kilima hata kimoja, kwa kuwa yote ni udongo ulioletwa na mto Kaveri ambao hapo hugawanyika matawi mengi kabla ya kuingia baharini. Pande zote mbili za njia ni mpunga, na mifereji, na minazi, na wanawake wameinama katika maji wakipandikiza miche. Mtu wa Rufiji angejiona yuko kwao. Kisha, pasipo dalili yoyote ya mji mkubwa, njia yafika penye lango jeupe lenye tarehe ya 1792, na ukipita chini yake umo katika barabara moja iliyonyoka, ambayo zamani iliitwa Njia ya Mfalme. Kutoka langoni mpaka mchangani ni mwendo mfupi wa miguu. Kuna makanisa mawili ya zamani, nyumba za baraza zenye nguzo, mbuzi waliolala katika kivuli, na mwisho wa njia, ngome ya rangi ya manjano inayotazama bahari.

Mgeni akiuliza ngome hii ilijengwa na nani, hutazamia kuambiwa Wareno, au Waholanzi, au Waingereza. Sivyo. Ilijengwa na watu wa Denmark, nchi ndogo ya kaskazini ya Ulaya, na jina lake ni Dansborg. Na tupendapo kufahamu namna watu wa nchi ndogo na ya mbali hivyo walivyopata kukaa hapo miaka 225, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Katika mwaka 1616 Mfalme Christian wa Nne wa Denmark aliruhusu kuundwa kwa kampani ya biashara ya Mashariki, kwa kuwa aliona Waholanzi na Waingereza wakitajirika kwa pilipili manga na viungo. Mwaka 1618 merikebu ziliondoka, mkubwa wao akiwa kijana wa karibu miaka ishirini na minne, Ove Gjedde. Safari ilikuwa mbaya sana. Watu wengi walikufa kwa maradhi, na walipofika kisiwa cha Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, mwaka 1620, hawakupata walichotumaini. Merikebu nyingine, iliyotangulia chini ya Mholanzi aitwaye Roland Crappé, ilishambuliwa na Wareno pwani ya Karaikal ikapotea. Crappé mwenyewe akaokoka, akakimbilia kwa Raghunatha Nayak, mfalme wa Thanjavur. Ajabu ni kwamba msiba huu ndio uliofungua mlango. Raghunatha alikuwa mtu wa elimu, mpenzi wa muziki, na tena mjuzi wa siasa. Wareno walikuwa wamekaa Nagapattinam, karibu mno, na hakuona ubaya kuwa na mnunuzi wa pili mlangoni pake. Mwezi wa Novemba 1620 mapatano yakafanyika, na barua ya mfalme kwa mfalme mwenziwe ikaandikwa juu ya bamba la dhahabu. Bamba hilo limehifadhiwa Copenhagen hata leo.

Yafaa tuangalie hapa ni nani aliyekuwa na nguvu. Wengi hudhani kwamba Wazungu walipofika mahali popote walichukua tu. Katika mwaka 1620 haikuwa hivyo. Wadenmark walikuwa wapangaji, wakilipa kodi kila mwaka kwa mwenye nchi. Wala hawakuja kuvumbua kitu kilichofichika: hekalu la Masilamani Nathar, lililo ufukweni hatua chache kutoka ngome, lilijengwa mwaka 1306 chini ya mfalme wa Wapandya, na palikuwa na wavuvi na wafanya biashara muda mrefu kabla ya hapo. Nao wageni hawakufuata pilipili peke yake. Vitambaa vya pamba vya pwani ile ndivyo vilivyokuwa fedha halisi ya Mashariki. Mtu alinunua nguo hapo, akazipeleka visiwa vya Java na Sumatra, akabadilisha kwa viungo. Bandari ya kweli haikuwapo. Merikebu zilitia nanga mbali, na mizigo ilipitishwa katika mawimbi kwa mashua ambazo mbao zake hazikupigwa misumari bali zilishonwa kwa kamba za nazi, kama ilivyokuwa mitepe ya Lamu. Mashua ya misumari ingevunjika mara moja. Ile ya kushonwa hulegea ikakubali pigo la wimbi.

Kampani haikufanikiwa. Denmark ilijitia katika vita huko Ulaya, fedha zikaisha, merikebu zikapungua, na mwisho zikakoma. Zaidi ya miaka ishirini ilipita bila merikebu hata moja kutoka kwao kufika Tharangambadi, na mwaka 1650 kampani ikavunjwa. Wale waliokuwa ngomeni walikufa mmoja mmoja, mpaka akabaki Mdenmark mmoja peke yake, Eskild Andersen Kongsbakke, mtu wa daraja ya chini asiye na elimu. Mtu huyu alishika ngome pamoja na askari wenyeji, akateka vyombo katika Ghuba ya Bengal, na kwa mali hiyo akajenga ukuta kuuzunguka mji. Sisi hatumsifu kwa unyang'anyi. Lakini ni shida kutostaajabia mtu aliyekaa miaka mingi hivyo akilinda bendera ya nchi ambayo pengine ilikuwa imemsahau. Mwaka 1669 merikebu iliyoitwa Færø ilitokea. Tungependa kujua alisema nini siku ile!

Basi ni nini kilichoutia mji huu katika vitabu vya historia, ikiwa biashara yake ilikuwa ndogo? Ni lugha, na uchapaji wa vitabu. Tarehe 9 Julai 1706 walishuka hapo vijana wawili Wajeremani, Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau, waliotumwa na Mfalme Frederick wa Nne wa Denmark kuhubiri dini ya Kikristo. Wakubwa wa kampani hawakufurahi kuwaona, kwani waliona watu wa dini watawachafulia biashara. Ziegenbalg hakungoja. Alimkaribisha mwalimu wa Kitamil pamoja na watoto wake wa shule, akaketi chini pamoja nao, akaandika herufi kwa kidole mchangani kama mtoto yeyote wa chuoni. Kwa bidii hiyo aliweza kusoma na kusema Kitamil kwa muda mfupi, kisha akaanza kukusanya vitabu vya wenyeji vilivyoandikwa juu ya majani ya mvumo. Mwaka 1708 aligombana na Hassius, mkuu wa ngome, kwa habari za haki za watu maskini, akafungwa humo Dansborg miezi minne.

Mtambo wa kupiga chapa ulifika kutoka London, kwa msaada wa chama cha Waingereza, na herufi za Kitamil zilisubuliwa Halle katika Ujeremani. Lakini zilikuwa kubwa mno. Zilikula karatasi, na karatasi ilikuwa haba kuliko dhahabu. Ndipo walipofanya herufi ndogo zaidi hapo hapo mjini, na husimuliwa kwamba risasi yake ilitoka katika vifuniko vya makopo ya jibini iliyoletwa kutoka Uingereza. Wakajenga na kinu cha karatasi Poraiyar, jirani na mji. Mwaka 1715 Agano Jipya la Kitamil likatoka kamili, la kwanza kupigwa chapa katika lugha yoyote ya Bara Hindi. Tuseme pia, ili haki ya wengine isipotee, kwamba hiki hakikuwa kitabu cha kwanza cha Kitamil kupigwa chapa. Wareno walikwisha kuchapa kitabu cha mafundisho ya dini kwa Kitamil mwaka 1578.

Jambo moja katika maisha ya Ziegenbalg twaliona kubwa kuliko hata mtambo ule. Kwa kuwa alitaka kuwajua watu aliowahubiria, aliandika kitabu kirefu juu ya miungu ya Wahindi wa kusini na ibada zao, akakipeleka Halle mwaka 1713. Wakubwa wake walikikataa. Walisema kwamba wahubiri walitumwa kuung'oa upagani, si kuueneza Ulaya. Kitabu kikawekwa, kikapata kupigwa chapa mwaka 1867, mwandishi wake akiwa kaburini karibu karne moja na nusu. Wataalamu wa dini na desturi za Watamil hukisoma sasa kwa faida kubwa. Alikufa mwaka 1719, na umri wake miaka thelathini na sita tu, akazikwa katika kanisa alilolijenga yeye mwenyewe, ambalo lingali limesimama katika Njia ya Mfalme, na taji na herufi za mfalme juu ya mlango. Ile kazi baadaye, katika miaka ya 1840, iliingia mikononi mwa misioni ya Leipzig. Na misioni hiyo hiyo ndiyo iliyofika kwa Wachagga wa Kilimanjaro mwaka 1893. Kwa njia hiyo shule za Machame na Old Moshi zina undugu wa mbali na mchanga wa Tharangambadi.

Mji ulipata neema kidogo mwisho wa karne ya kumi na nane, wakati Waingereza na Wafaransa walipokuwa wakipigana, kwa sababu bendera ya Denmark haikuwa upande wowote, na kila mwenye mali alipenda kujificha chini yake. Ukumbuke kwamba Karaikal, mji wa jirani, ulikuwa wa Wafaransa, na Nagapattinam, mbele kidogo, ulikuwa wa Waholanzi mpaka 1781: bendera tatu katika mwendo wa siku moja wa gari la ng'ombe. Vita vya Napoleon viliimaliza neema hiyo. Waingereza waliushika mji mwaka 1801, wakaurudisha, wakaushika tena mwaka 1808 mpaka 1815. Mwaka 1845 Mfalme wa Denmark aliwauzia Waingereza Tharangambadi pamoja na Serampore ya Bengal, na kituo kidogo cha Balasore, kwa rupia 1,250,000. Katika bei hiyo zilihesabiwa ngome, nyumba, maghala na ardhi. Wavuvi, wafumaji, Waislamu wa mtaa wao, Wahindu wa hekalu lao, na Wakristo waliofundishwa na Ziegenbalg hawakuulizwa. Walilala chini ya mfalme mmoja wakaamka chini ya malkia mwingine.

Waingereza hawakuwa na haja na mji ule. Kwa miaka michache mkuu wa wilaya alikaa hapo, kisha akahamishiwa Thanjavur. Na reli ilipojengwa katika miaka ya 1860 ilianzia Nagapattinam. Njia ndogo ya reli ilifika Tharangambadi mwaka 1926, ikafungwa 1986. Basi utulivu ule ambao msafiri hupenda kuusifu si tabia ya watu wake. Ni utulivu wa mahali palipoachwa na barabara za biashara, na kijana wa hapo atakayeulizwa habari yake hatausifu sana.

Siku ya Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004, asubuhi, bahari iliyoimba iliingia mjini. Tetemeko la ardhi karibu na Sumatra lilisukuma mawimbi yaitwayo tsunami, na wilaya ya Nagapattinam, ambayo wakati huo Tharangambadi ilikuwa sehemu yake, ndiyo iliyopatwa vibaya kuliko zote katika bara la India: watu zaidi ya 6,000 walikufa. Wavuvi waliokaa karibu na maji ndio walioumia kwanza. Mawimbi yale yale yalivuka bahari yote, yakafika Somalia yakaua watu wapatao mia tatu, na Tanzania zaidi ya kumi, na Kenya mtu mmoja. Hapo ndipo wengi wetu tulipokumbushwa kwamba pwani ile na hii zanywa maji ya bahari moja.

Baada ya hapo fedha na wajenzi walikuja. Wadenmark walirudi, safari hii bila mizinga, wakasaidiana na serikali ya Tamil Nadu kutengeneza ngome na nyumba ya gavana. Ngome sasa ni nyumba ya kuhifadhia vitu vya kale, nayo yapendeza. Wavuvi walijengewa nyumba mpya ndani zaidi ya nchi, ingawa mvuvi hupenda kuiona mashua yake aamkapo. Mgeni huonyeshwa kwanza kazi za Wadenmark, nasi twaona ni kosa. Afadhali aanzie upande wa kaskazini wa ngome, penye hekalu la 1306. Sehemu yake iliyoelekea mashariki imekwisha kuliwa na maji, na mawe makubwa yamerundikwa mbele ya iliyobaki ili kuyavunja mawimbi. Jioni tuliyokuwapo wanawake wawili walikuwa wakiwasha taa ndani, na mtoto aliyewafuata alikuwa amesimama juu ya mawe yale, akirusha changarawe baharini.