Kibali cha kazi ya moto: kabla boza halijachomelewa

Kibali cha kazi ya moto ni karatasi inayoruhusu kazi moja yenye moto au cheche, mahali pamoja, kwa saa zilizotajwa. Kuchomelea, kukata chuma kwa gesi na kusaga kwa grainda zote zimo. Hutolewa na msimamizi wa eneo, iwe yadi, depo au bandari, baada ya kukagua mahali penyewe. Kwa hiyo kibali kilichoandikwa Dar es Salaam hakina kazi tena lori likifika Tunduma. Kwa kawaida hudumu zamu moja tu.

Nchini Kenya, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe kibali kwa kazi za hatari. Tanzania ina sheria yake ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Lakini gereji nyingi za kando ya barabara hazijawahi kuiona karatasi hiyo, na huko ndiko maboza yanakopelekwa bomba likivuja safarini.

Hatari kubwa iko kwenye boza tupu kuliko lililojaa. Kinachoshika moto ni mvuke uliochanganyika na hewa, si petroli yenyewe. Mvuke ukifika takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa iliyomo, cheche moja inatosha. Boza lililoshusha mzigo jana lina nafasi tele ya mchanganyiko huo. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze jua la mchana. Dizeli ni tulivu zaidi, ila moto wa kuchomelea huipasha mabaki yake hadi nayo yatoe mvuke.

Kuosha kwa maji na sabuni hakutoshi. Mafuta hujificha kwenye kutu, kwenye maungio na nyuma ya kuta za ndani, kisha hutoa mvuke upya chuma kikipata joto. Ndiyo maana kibali cha maana huwa na kipimo cha kipima gesi, saa kilipochukuliwa na jina la aliyepima. Kazi ikisimama kwa chakula, hupimwa tena. Pua ya fundi si kipimo.

Cheche huruka mbali. Mwongozo unaotumika sana Marekani unataka vitu vinavyowaka viondolewe umbali wa mita 11, na mtu mwenye mtungi wa kuzimia moto abaki akilinda saa moja baada ya kazi kwisha. Katika uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Ujerumani, tarehe 11 Aprili 1996, kuchomelea kwenye barabara iliyo juu ya jengo la abiria kuliwasha vifaa vya kuzuia joto vilivyokuwa chini yake. Watu 17 walikufa.

Msafirishaji huhesabu siku inayopotea kwa kusafisha na kupima, na kweli siku hiyo ni fedha. Asome pia mkataba wa bima: baadhi huweka sharti la kibali, na fidia yaweza kukataliwa kisipokuwepo. Dereva naye apewe neno la wazi kabla ya safari: bomba likivuja mzigo, apige simu kwa tajiri na asimruhusu fundi kugusa tangi kwa moto. Nakala ya kibali na kipimo cha gesi ibaki kwenye faili la gari.