Ukomo wa Injini na Sahihi ya Fundi: Entebbe 1952 na 2009

Ndege inapopata ajali Afrika Mashariki, swali la kwanza barazani na magazetini huwa ni umri wake. Naona swali hilo linapotosha, na Entebbe yenyewe ni ushahidi.

Mei 1952 ilitua hapo Comet ya shirika la BOAC, usajili G-ALYP, ikitoka London kwenda Johannesburg. Hiyo ndiyo safari ya kwanza duniani ya jeti kubeba abiria kwa ratiba. Januari 1954 ndege hiyohiyo ilisambaratika angani karibu na kisiwa cha Elba. Wote 35 waliokuwamo walikufa. Haikuwa kuukuu. Wahandisi wa Farnborough, Uingereza, walizamisha bodi la Comet nyingine katika tangi la maji, wakawa wanapandisha na kushusha shinikizo kana kwamba inaruka na kutua. Kwenye mzunguko wa 3,057 bodi likapasuka. Ndege ikipanda, hewa ya ndani hulitunisha bodi. Ikishuka, hulegea, na ufa usioonekana kwa macho huzidi kukua. Ndiyo maana sehemu nyeti za bodi na injini huwekewa ukomo, uhesabiwao kwa saa au kwa safari.

Machi 9, 2009 ukomo ulikuwa unajulikana. Ilyushin Il-76 iliyokodiwa kwenda Mogadishu kuhudumia kikosi cha Umoja wa Afrika iliruka Entebbe kabla ya mapambazuko, ikawaka moto na kuanguka Ziwa Victoria. Watu 11 walikufa. Uchunguzi ulibaini kuwa injini zote nne zilikuwa zimepitisha muda wake, na madai ya mwendeshaji kwamba ziliongezewa muda baada ya matengenezo hayakuthibitika. Ndege ilisajiliwa São Tomé, mbali na macho ya wakaguzi wa Uganda. Wakala wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kusimamia usalama wa anga, CASSOA, ulikuwa umeshaundwa, na makao yake ni hapohapo Entebbe!

Wapo watakaosema dawa ni kununua ndege mpya. Lakini Airbus A220 za Air Tanzania, zilizoanza kuwasili mwishoni mwa 2018, ziliathiriwa na kasoro za injini za PW1500G, na mwaka 2022 baadhi zikasimamishwa. Shirika lilipata hasara. Abiria walibaki hai. Kilichowalinda ni uamuzi wa kuziegesha, wala si upya wake.

Uamuzi kama huo huanzia kwa fundi. Huko Soroti, Uganda, kipo chuo cha usafiri wa anga kilichoanzishwa na Jumuiya mwaka 1971. Sifa zake kwa umma huenda zaidi kwa marubani, ilhali hufunza mafundi pia. Fundi akigoma kutia sahihi kwamba ndege inafaa kuruka, mwajiri anaweza kutafuta sahihi nyingine, au usajili wa nchi nyingine. Kwa hiyo sheria za nchi wanachama zimlinde dhidi ya kufukuzwa kwa kugoma huko, na ndege ya kigeni isiyoonyesha kumbukumbu halisi za ukomo wa injini zake inyimwe ruhusa ya kuruka, hata kama shehena yake ni ya serikali.