OEA: Neno la Kwanza la Mkulima wa Cuba

Kila tarehe 22 Desemba, Cuba huadhimisha Siku ya Mwalimu. Siku kama hiyo mwaka 1961, Fidel Castro alitangaza jijini Havana kwamba ujinga wa kutojua kusoma umefutwa nchini. Takwimu zake hurudiwa kila mwaka: watu 707,212 walifundishwa katika mwaka mmoja, na wasiojua kusoma wakapungua kutoka asilimia 23.6 hadi 3.9. Mimi nimenaswa na jambo dogo zaidi, nalo ni neno la kwanza la kitabu walichosomea.

Kitabu chenyewe kiliitwa Venceremos, yaani “Tutashinda”. Somo la kwanza halikumtaja mama, wala jembe, wala ng’ombe. Lilikuwa OEA, kifupi cha Shirika la Nchi za Amerika, lenye makao yake Washington. La pili likawa INRA, taasisi ya mageuzi ya ardhi, kisha zikafuata cooperativas, yaani vyama vya ushirika. Mzee wa milima ya Sierra Maestra aliyezeeka bila kushika kalamu alianza na jina la shirika la mabalozi!

Kwa jicho la mwalimu, hapakuwa na ajabu. Kihispania kina irabu tano kama chetu, na OEA ni irabu tatu tupu. Ukishazimudu, umekwishaanza kusoma. Lakini waandishi wa kitabu walijua walichokuwa wakifanya. Agosti 1960 shirika hilo lilikutana San José, Costa Rica, likatoa azimio lililoilenga Cuba. Siku chache baadaye, tarehe 2 Septemba, Castro alijibu mbele ya umati kwa Azimio la Havana. Ugomvi huo ndio uliotiwa ndani ya somo la kwanza.

Hapo ndipo wasomi wanapovutana. Richard Fagen, Mmarekani aliyevifasiri vitabu vya kampeni hiyo ya kisomo mwaka 1964, anaitazama kama shule ya siasa. Jonathan Kozol, mwalimu aliyekwenda Cuba mwaka 1976, anavutiwa zaidi na kilichotokea usiku kati ya mwalimu na mwanafunzi. Nakiri kwamba naegemea kwa Kozol. Kitabu cha mwalimu, Alfabeticemos, kiliwakataza vijana waliojitolea kufundisha vijijini kuamrisha. Walitakiwa kusema “tutafanya kazi, tutasoma”, pamoja na wenyeji wao. Mchana walishika majembe, usiku wakawasha taa za mafuta zilizotoka China, wakaanza kwa kuzungumzia picha kabla ya kugusa herufi. Ukimfundisha mtu anayeweza kukuzaa mara mbili huku ukila chakula chake, siasa ya neno OEA inabidi ipite kwanza kwenye heshima.

Haikuwa kazi ya mchezo. Mwalimu wa kujitolea Conrado Benítez aliuawa Januari 1961, na mwenzake Manuel Ascunce, mwenye miaka 16, Novemba, pamoja na mkulima Pedro Lantigua aliyekuwa akimfundisha.

Kisha kikaja kichekesho kichungu. Tarehe 31 Januari 1962, huko Punta del Este, Uruguay, OEA iliiondoa serikali ya Cuba katika vikao vyake. Hesabu tangu 22 Desemba: siku arobaini kamili. Wakulima walikuwa wamejifunza neno, na arobaini yake ikafika. Mwaka 2009 shirika lilifuta uamuzi huo. Cuba haikurudi.

Nikaragua ilipoanza kampeni yake mwaka 1980, ilichagua La Revolución, “mapinduzi”. Ukiihesabu, ina irabu zote tano. Tangu miaka ya 2000 Cuba imesambaza mbinu mpya, Yo sí puedo, inayotumia video.

Nasi Tanzania tulikuwa na yetu. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na vitabu vya kisomo kanda ya ziwa vikaanza na pamba, migomba na uvuvi. Nadhani tulikuwa wenye busara zaidi: pamba haina arobaini.

Ila Wacuba wametushinda kutunza. Mtihani wao wa mwisho ulikuwa kumwandikia Fidel barua, na barua hizo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho, Ciudad Libertad, palipokuwa kambi ya jeshi la dikteta Batista. Kitabu cha kisomo nilichokiona mara ya mwisho kilikuwa kimechanwa kufungia karanga, kwenye kituo cha mabasi. Nilikunjua ukurasa, nikasoma “pa-mba”, nikamaliza karanga zangu.