Herufi Moja, Namba Nyingi

Hutokea kwamba mtu aitwaye René hukubaliwa na kompyuta moja na kukataliwa na nyingine, ingawa ameliandika jina lake na neno lake la siri sawasawa. Makala haya yanaeleza asili ya mkasa huo.

Kompyuta haihifadhi herufi bali namba. Utaratibu wa kuipa kila herufi namba yake ndio uitwao msimbo. Msimbo wa ASCII, uliotolewa kwanza Marekani mwaka 1963, ulikuwa na nafasi 128 tu. Kiingereza kilitosheka nazo, lakini herufi zenye alama, kama é ya Kifaransa, hazikupata mahali. Baadaye watengenezaji walizitafutia nafasi, kila mmoja kwa njia yake. Katika kompyuta ya IBM ya mwaka 1981, é ilipewa namba 130. Katika Macintosh ya mwaka 1984, namba 142. Na katika kiwango cha kimataifa cha ISO 8859-1 cha mwaka 1987, namba 233. Hivyo René wa mfumo mmoja akawa mgeni katika mfumo wa pili.

Msimbo wa Unicode, ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991, ulikusudiwa kuondoa mtafaruku huo. Hata hivyo, nao huruhusu é iandikwe kwa njia mbili: kwa namba 233 peke yake, au kwa e, namba 101, ikifuatwa na alama yenye namba 769. Machoni ni jina moja. Kwa mashine ni mawili. Ndiyo maana kanuni za intaneti za mwaka 2017 zilielekeza majina ya watumiaji yageuzwe kuwa ya umbo moja kabla ya kulinganishwa.

Msomaji asidhani kuwa haya ni ya Wafaransa peke yao. Sisi tunayo ng', kama katika jina Mang'ula. Ritifaa iliyonyooka ina namba 39, na iliyopinda ina namba 8217. Karani akisajili kwa moja, na mwenye jina akaandika kwa nyingine, huenda mlango usifunguke.

Kwa hiyo hapana budi watafsiri watenganishe istilahi herufi na msimbo. Tukiandika "jina si sahihi", lawama humwangukia mwenye jina. Tukiandika "misimbo hailingani", tunalitaja kosa mahali lilipo, na mtumishi wa umma atajua kuwa kinachohitaji kurekebishwa ni mfumo, wala si jina la mtu.