Kuku wa Malawi Hakuzaliwa Malawi

Ndugu zangu, leo siasa naiweka kando. Naomba tuzungumze kuhusu kuku. Msicheke, kwa sababu nina deni la kulipa, na mwenye deni lake ni mama yangu mzazi.

Miaka miwili iliyopita niliandika makala gazetini kuhusu wale kuku weusi wanaoitwa "kuku wa Malawi". Mnawajua: weusi tii, jua likiwapiga manyoya yanang'aa kijani, wapole kiasi kwamba unamwokota tu kama unaokota embe. Niliandika kwamba ni mbegu ya asili ya Malawi. Nikamnukuu mfugaji mmoja aliyesema ukitaka faida ondoa kienyeji wote bandani, baki na Malawi watupu. Mtu wa pili sikumwuliza. Mama akasoma makala ya mwanawe (huwa anazikata na kuzihifadhi kwenye bahasha), akaamini kila neno, akauza koo wake saba wa kienyeji, akanunua mitetea kumi ya Malawi na majogoo wawili.

Walitaga, hilo siwezi kuwasingizia. Mayai yalijaa hadi kwa majirani. Shida ilianza alipotaka vifaranga. Mmoja alikaa juu ya mayai siku sita, siku ya saba akatoka kwenda kuchakura na hakurudi tena. Wengine hawakujaribu kabisa. Mama akanipigia simu: "Mwanangu, hawa kuku wako wanajua kutaga tu. Sasa watoto nani atawaatamia?"

Sikuwa na jibu, na kwa mwandishi wa habari hiyo ni aibu. Nikaanza kutafuta, na utafutaji ukanipeleka mbali sana na Malawi.

Ukanipeleka Orpington. Huo ni mji mdogo uliokuwa katika jimbo la Kent, kusini mashariki mwa London, na tangu mwaka 1965 umemezwa na jiji lenyewe. Mwishoni mwa karne ya 19 aliishi huko bwana mmoja aitwaye William Cook, aliyezaliwa mwaka 1849. Hakuwa bwana shamba wala mwenye mali. Kazi yake ilikuwa kuendesha magari ya farasi ya watu wenye nacho. Kuku walikuwa wazimu wake wa pembeni.

Kumwelewa Cook ni lazima uelewe Waingereza wa zama zile walivyokuwa na kuku. Mwaka 1835 sheria yao ilipiga marufuku kupiganisha majogoo. Miaka ya 1840 yakaingia majitu ya kuku kutoka China, manene, yenye manyoya hadi vidoleni. Malkia Victoria akafuga, na alichofanya malkia kila mwenye uwezo akataka kukifanya. Mwaka 1845 London ikafanya maonyesho yake ya kwanza ya kuku. Watu waliozoea kushindanisha majogoo kwa damu wakaanza kuwashindanisha kwa urembo. Bei zikapanda kama za viwanja Dar es Salaam.

Matokeo yake yalikuwa kuku wa kutazamwa. Cook alitaka kitu kingine: kuku wa mtu wa kawaida, anayekaa nyuma ya nyumba, anayetaga vizuri na ambaye siku ya kuchinjwa ana nyama ya kushibisha familia.

Akafanya nini? Akachanganya! Hapa ndipo niliposimama nikacheka peke yangu. Alichukua jogoo wa Minorca, mbegu yenye jina la kisiwa cha Hispania, watagaji hodari ila wembamba. Akampa mitetea ya Plymouth Rock kutoka Marekani, akichagua wale waliototolewa weusi badala ya wenye mistari. Uzao wao akauchanganya na Langshan wa China, mbegu iliyofika Uingereza mwaka 1872, akichagua wasio na manyoya miguuni. Mwaka 1886 akamtangaza kuku wake mweusi na kumpa jina la mji wake: Orpington.

Kwa hiyo yule kuku anayeandikwa vitabuni kama fahari ya Uingereza ni chotara wa Hispania, Marekani na China, aliyetengenezwa na dereva wa farasi. Na weusi wake una sababu. London ya siku zile ilipikia makaa ya mawe na kuendesha viwanda kwa makaa ya mawe, masizi yakianguka juu ya kila kitu. Kuku mweupe uani alionekana kama fundi wa gereji. Kuku mweusi alibaki kuonekana msafi.

Cook alikuwa mfanyabiashara pia, tena mjanja. Mwaka 1889 akatoa Orpington mweupe, mwaka 1894 akatoa wa rangi ya udongo wa dhahabu, ambaye ndiye aliyekuja kupendwa kuliko wote. Mwaka 1895 akavuka bahari na kuku wake hadi Madison Square Garden, New York. Malkia Victoria alipotimiza miaka 60 ya kutawala, mwaka 1897, Cook hakulala: akatoa Orpington wa madoa akamwita Jubilee. Alitengeneza hata bata wa Orpington. Alifariki mwaka 1904.

Lakini kuku wake alikuwa ameshaanza kuibiwa kusudi lake. Mwaka 1891 mfugaji mwingine, Joseph Partington, alipeleka kwenye maonyesho Orpington weusi aliowachanganya na Cochin, wale wale majitu wa China. Walikuwa wakubwa, wa mviringo, manyoya yamevimba kama godoro la sufi. Majaji wakachanganyikiwa. Tangu hapo Waingereza wakafuata umbo, na kadiri manyoya yalivyoongezeka ndivyo mayai yalivyopungua. Kuku wa maskini akawa kuku wa tuzo.

Hata leo wanaofuga Orpington nyuma ya nyumba huko Uingereza na Marekani, wakiwachanganya na kuku wa mbegu nyingine, wanawaeleza hivi: ni mzito, jogoo hufikia kilo nne na nusu au zaidi, haruki ua, mpole kupita kiasi. Upole huo unamponza. Kuku wepesi wanamfukuza kwenye chakula, kwa hiyo lazima uweke vyombo zaidi ya kimoja, mbali mbali. Manyoya yale yanaficha utitiri na yakilowa hayakauki upesi. Lakini ukitaka mama, huyo ndiye. Anaatamia chochote utakachomwekea, mayai yake au ya wenzake, na mara nyingi hufugwa kwa kazi hiyo hasa.

Sasa utaniuliza, kama Orpington ni mlezi hodari hivyo, mbona wa mama hawaatamii? Mimi pia nilijiuliza. Jibu liko Australia.

Orpington weusi walisafirishwa kwenda Australia kabla Waingereza hawajawaharibu kabisa. Waaustralia hawakuwa na haja na godoro. Walitaka mayai. Waliwachanganya tena, wakiingiza damu ya mbegu nyingine za kutaga, na wakawapima katika mashindano ya mwaka mzima ambako kila yai liliandikwa. Katika msimu wa 1922 hadi 1923 kuku sita walitaga mayai 1,857 kwa siku 365, yaani wastani wa mayai 309 na nusu kwa kila kuku. Dunia nzima ikaagiza. Jina likafupishwa kutoka Orpington wa Australia, akawa Australorp.

Angalieni hesabu ya mashindano yale. Kuku akianza kuatamia anaacha kutaga. Siku 21 juu ya mayai, kisha majuma ya kutembeza vifaranga. Kuku wa namna hiyo hawezi kushinda kitu. Anayeshinda ni yule asiyekaa, na ndiye anayechaguliwa kuzalisha kizazi kijacho. Fanya hivyo mwaka baada ya mwaka, umama unapungua kwenye damu. Hakuna aliyekaa akaamua kuwanyima kuku umama. Waliandika tu namba za mayai.

Malawi sasa. Tangu miaka ya 1950, nchi hiyo ikiwa bado inaitwa Nyasaland, serikali ilianza kuwazalisha Black Australorp katika kituo cha Mikolongwe, kusini mwa nchi, na kuwauzia wakulima. Lengo lilikuwa wachanganyike na kuku wa vijijini ili uzao uwe mkubwa na utage zaidi. Naomba nirudie hapo: wachanganyike. Hakuna mpango wa kuwafukuza kienyeji. Kuku wakaja huku kwetu, jina la nchi waliyotokea likawaganda, na njiani ile nusu ya pili ya maelezo ikadondoka. Mimi mwenyewe nikasaidia kuidondosha, kwa wino wa gazeti.

Kienyeji wa mama waliokwenda sokoni walikuwa wanataga mayai machache, wengi wao hawafiki 60 kwa mwaka. Lakini walijua kumwona mwewe kabla yako, walijua kulala juu, na kila mmoja alitembea na vifaranga vyake bila taa wala umeme. Miongoni mwao alikuwemo kishingo mmoja aliyenitangulia kuzoeana na mama. Nikienda likizo alikuwa ananidonoa. Aliliwa kwenye harusi ya watu.

(Kidogo nitoke nje ya mada. Ule ugonjwa tunaouita kideri au mdondo kwa Kiingereza unabeba jina la mji mwingine wa huko huko, Newcastle, ulikotokea mwaka 1926. Na chanjo ya matone ya jicho ya I-2, iliyowahi kutengenezwa Temeke na isiyoharibika upesi kwa joto, mbegu yake ilitafitiwa Australia. Banda la mama Mwananyamala lina historia ya dunia nzima ndani yake. Chanjo ni kila miezi mitatu, msisahau.)

Mwezi uliopita nilienda nyumbani na nikamweleza mama yote haya, kuanzia dereva wa farasi mpaka mayai 309. Alisikiliza huku anachambua mchele. Nilipomaliza akauliza: "Kwa hiyo gazetini ulisema uongo?" Nikasema sikusema uongo, nilikosea. Akasema yeye koo wake saba hawajui tofauti.

Gazeti lilikubali masahihisho ya aya mbili, ukurasa wa ndani. Kwa upande wa banda, mama hakunisubiri. Alikwishampa jirani mitetea miwili ya Malawi, naye akapewa koo mmoja wa kienyeji, mzee, mwekundu, mkali, mwenye jicho moja bovu. Amewekewa mayai kumi ya Malawi kwenye tenga chini ya kitanda cha wageni, yaani kitanda changu. Nililala juu yake siku nne. Nikigeuka usiku ananguruma.

Jumanne inayokuja anatimiza siku 21.