Ardhi Ndiyo Huamua Gurudumu: Historia ya Roboti za Nyika za Mbali

Mvua za masika zikikolea Kitengela, kaunti ya Kajiado, baadhi ya wanabodaboda hung'oa madigadi ya mbele, maana udongo mweusi hujikusanya hapo hadi gurudumu likakataa kuzunguka. Udongo huo una madini ya mfinyanzi yaitwayo smektaiti. Yakilowa huvimba na kunata. Yakikauka, ardhi hupasuka nyufa za kuingiza mkono. Mwaka 2013 roboti ya Marekani, Curiosity, ilitoboa mwamba katika Kreta ya Gale kwenye sayari ya Mirihi ikakuta madini ya jamii hiyohiyo, ishara kwamba zamani palikuwa na maji.

Kufika hapo kulichukua zaidi ya miaka 40 ya majaribio, na mengi yalikuwa ya ajabu kwa umbo.

Gari la kwanza la roboti kutembea nje ya dunia lilikuwa Lunokhod 1 la Muungano wa Sovieti. Lilitua Mwezini tarehe 17 Novemba 1970 likiwa na magurudumu manane, kila moja na mota yake, huku madereva wakiliendesha kutoka duniani. Lilitembea kilomita 10 na ushei. 

Mirihi ilikuwa kazi nyingine. Mawimbi ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika huko, kwa hiyo dereva akiona shimo, huenda gari limeshatumbukia. Mwaka 1971 Wasovieti walipeleka kwa chombo cha Mars 3 kisanduku cha kilo 4.5 kiitwacho PrOP-M. Hakikuwa na gurudumu hata moja. Kilikuwa na skii mbili ubavuni za kukiinua na kukisogeza hatua kwa hatua, kama mtu atembeaye kwa magongo, na vyuma viwili mbele vya kupapasa mawe ili kijirudishe nyuma chenyewe. Mars 3 ilitua salama tarehe 2 Desemba, lakini mawasiliano yakakatika kabla ya dakika mbili kwisha.

Wengine walijaribu miguu. Mwaka 1994, Dante II, roboti ya miguu minane iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kwa ajili ya NASA, shirika la anga la Marekani, ilishuka kwa kamba ndani ya volkano ya Spurr, Alaska, ikapima gesi. Wakati wa kupanda ilipinduka, na haikuweza kujiinua. Ilibidi itolewe kwa helikopta.

Jibu lililodumu lilitoka kwa mhandisi Donald Bickler wa maabara ya JPL, California. Gari lake lina magurudumu sita, halina springi, na magurudumu yameshikwa na mikono ya chuma yenye maungo. Moja likipanda jiwe, mengine hubaki chini na uzito hugawanyika. Sojourner, yenye kilo zisizozidi 12, ilithibitisha hilo Mirihi mwaka 1997, na magari yote ya NASA yaliyofuata huko yametumia mpango huo.

Hata hivyo ardhi haikusalimu amri. Gurudumu moja la mbele la Spirit, mojawapo ya magari hayo, lilikufa mwaka 2006. Likiburutwa, mwaka uliofuata lilifukua udongo mweupe wenye silika nyingi, dalili ya chemchemi za moto au mvuke wa volkano. Mwaka 2009 Spirit ilikwama kwenye mchanga laini, haikutoka tena. Mawe makali nayo yalitoboa magurudumu ya alumini ya Curiosity, ndiyo maana gari lililofuata, Perseverance, lilipewa yenye ukuta mnene zaidi.

Januari 2024 Japani ilikuja na wazo jipya. Kampuni ya vichezeo ya Tomy ilishiriki kuunda SORA-Q, mpira wa sentimita 8 uliojifungua Mwezini ukawa magurudumu mawili, ukapiga picha ya chombo cha SLIM kikiwa kimetua kichwa chini.

Ardhi sumbufu ya namna hiyo tunayo hata nyumbani: Kajiado tuna udongo unaonata Kitengela, mawe ya volkano njia ya kuteremka Magadi, na kwenye Ziwa Magadi ukoko wa magadi na chemchemi za moto.  Walimu wa vyuo vya ufundi, wapelekeni vijana huko na vigari vyao vidogo, wapime gurudumu linazama wapi na kwa nini. Gari litakaloshinda matope yetu litafikisha dawa kwenye boma lililokatiwa njia na mvua, na hiyo ni sababu tosha ya kuanza.