Pembe ya mkunga

Najua nimeadimika wiki nzima, mnisamehe. Nilikuwa wodi ya wazazi na dada yangu, na kwenye lile benchi nikapata muda mwingi wa kusoma na kuwaza.

Kila nusu saa mkunga alikuja na kile kipembe, akakiweka tumboni kwa dada, akaegesha sikio na kutazama saa. Kumbe kipembe kile kina historia ndefu! Mwaka 1821 huko Paris, daktari Kergaradec alimwekea mjamzito kifaa kilichobuniwa na Laennec miaka mitano nyuma. Alitaka kusikia maji yakichezacheza. Badala yake akasikia kitu kinadunda haraka, kama mara mbili ya mapigo ya mama. Akajiuliza: je, mdundo ukibadilika, hauwezi kutuambia hali ya mtoto?

Mwaka 1895 Mfaransa mwingine, Pinard, akatuletea pembe hii tunayoijua. Mwaka 1958 Edward Hon wa Yale, Marekani, akaonyesha mashine ya umeme ya kurekodi mapigo hayo mfululizo. Akaeleza pia kwamba kitovu kikibanwa wakati wa uchungu, mapigo huporomoka ghafla, kisha hupanda tena. Kawaida ni 110 hadi 160 kwa dakika.

Basi wengi tukadhani mashine imemaliza kazi. Haikumaliza. Mwaka 1985 huko Dublin yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wanawake karibu 13,000. Mashine ilipunguza degedege kwa watoto wachanga, lakini vifo havikutofautiana na vya waliosikilizwa kwa sikio, kwa vipindi na kwa uangalifu. Hapa kwetu kipo kifaa kinachoitwa Moyo, kilichotengenezwa na Wanorway. Jaribio la Haydom lililochapishwa 2018 lilionyesha kuwa kinanasa mapigo mabaya mengi kuliko pembe, ila hatima ya watoto haikuonyesha tofauti ya wazi. Kusikia ni jambo moja, kuchukua hatua ni jambo jingine.

Kwa nini nawachosha na haya? Kwa sababu miaka miwili iliyopita, katika hospitali nyingine, chupa ya dada ilipasuka usiku na kitovu kikatangulia. Pembe ilikuwepo, inaning'inia ukutani. Hakuna aliyekuja kusikiliza mpaka alfajiri. Mtoto tulimzika siku hiyo hiyo.

Safari hii, saa tisa usiku, mkunga alisikiliza, akanyamaza, akasikiliza tena. "Mama, lala ubavu wa kushoto." Akatoka mbio kumwita daktari. Chini ya saa moja dada alikuwa chumba cha upasuaji. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni mara mbili. Wataalamu wanasema hilo hutokea mara nyingi na kwa kawaida halidhuru, ila huyu mapigo yake yalikuwa yanashuka na hayarudi vizuri.

Ni binti. Ana sauti ya kuamsha mtaa mzima.

Kwa hiyo, wadau, tukisikia hospitali imepata mashine mpya, tupige makofi, kisha tuulize: usiku wakunga wako wangapi, na kila mmoja anahudumia akina mama wangapi? Pembe ile ile moja imetuzikisha, na pembe ile ile imetuletea mtoto.

Nawasilisha. Tupo pamoja.